Tupeane uzoefu: nani ameshabadilisha kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Noah ya zamani?

Mti Mkavu
Wakuu, habari za jioni. Leo asubuhi pale Ubungo nimeona Noah nyeupe inasukumwa na watu wanne, dereva naye yuko nje, mkono mmoja kaupitisha dirishani kashika usukani. Kijana mmoja wa pembeni akapaza sauti: "Hiyo kontroli boksi hiyo!" Nilisimama pale moyo unanienda mbio. Mwaka 2019 maneno hayo hayo yalinitoa laki sita na nusu na mwezi mzima wa kugombania daladala.

Yangu ni ya 1998, modeli SR40, injini 3S. Ilianza kidogo kidogo. Sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka, ikipata moto inazima kwenye foleni, ukisubiri nusu saa inawaka kama haikuwa na shida. Mafundi wakabadilisha plagi, nikalipa. Nyaya za plagi, nikalipa. Pampu ya mafuta, nikalipa. Fundi wa nne ndiye aliyelifungua boksi lenyewe, na alipolifungua tukasikia harufu ya samaki aliyechacha. Kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi, vilikuwa vimevuja na maji yake yamekula njia za shaba hadi zimegeuka kijani. Nikapata jingine la mtumba Gerezani kwa laki tatu na nusu. Gari ninayo mpaka leo.

Naomba tuambiane: yako ilikufaje, uligunduaje kuwa ni boksi, na jingine ulilipata wapi?

Bomba la Moshi
Harufu ya samaki! Sikuwahi kumwambia mtu, nilijua wataniona mwongo.

Fundi wa Uyole
Mleta mada umesema kweli tupu. Magari ya Kijapani ya miaka ya tisini mengi yana ugonjwa huo, si Noah peke yake, na Delica nazo zinakuja kwangu hivyo hivyo. Kapasita zina umri wake. Gari ya 1998 sasa hivi imeshatembea robo karne juani.

Ila nawaombeni, mtu asikuuzie boksi kwa kukuangalia usoni. Washa swichi bila kupiga stata, tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka, boksi lina uhai. Isipowaka kabisa, anza na fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta), rilei kuu na nyaya za ethi (zile za hasi zinazofungwa kwenye bodi ya gari). Nimeokoa gari nyingi kwa kukwangua kutu kwenye ethi tu. Na kama gari yako ina ile soketi ya zamani yenye alama za TE1 na E1, unganisha hayo matundu mawili kwa kipande cha waya, washa swichi, hesabu taa inavyopepesa. Moja halafu nne ni 14, maana yake boksi halipati jibu kutoka kwenye igniter, kile kifaa kinachoamuru koili itoe cheche. Watu wanatupa boksi zima kwa sababu ya 14, kumbe mbovu ni igniter au waya wake.

Mama Wawili Moro
Wadau nisaidieni, mimi yangu iko gereji wiki ya tatu sasa, hapa Morogoro. Noah ya 1999. Stata inazunguka vizuri, haiwaki. Fundi anasema boksi limekufa, nitafute laki nne. Hiyo gari ndiyo inanipelekea watoto shule na mzigo wa duka. Hiyo taa ya injini mnayosema, kwangu haiwaki kabisa.

Chuma Chakavu
Dada nunua boksi, usipoteze muda. Mimi nilizungushwa miezi miwili na mafundi wa kupima pima, nikaenda Ilala Shaurimoyo, nikanunua, nikachomeka, ikawaka. Dakika kumi.

Mjukuu wa Njombe
Nimesoma hapo juu "ikipata moto inazima" nikaweka simu chini kwanza. Acha niseme.

Julai 2016 baba yetu mdogo alifariki Njombe. Tuliondoka Dar mchana, watu saba kwenye Noah ya kaka: mama, shangazi wawili, shemeji na mtoto wa miezi mitano, kaka na mimi. Mikumi tukapita salama. Ruaha Mbuyuni shangazi akanunua vitunguu vya kupeleka msibani. Kitonga tumeanza kupanda saa tatu usiku, mbele lori la kontena linakwenda mwendo wa mtu wa miguu, nyuma lori jingine. Kwenye kona injini ikakata. Haikukohoa, haikumisi. Ilikata kama mtu kazima taa chumbani.

Wenye Noah mnajua. Injini ikizima usukani unakuwa jiwe, na breki ukikanyaga mara mbili tatu ule msaada unaisha, pedeli inakuwa ngumu kama imechomelewa. Kaka aliikanyaga kwa miguu miwili, hendibreki ameivuta mpaka mwisho, na bado tukaanza kurudi nyuma. Polepole, lakini nyuma kuna taa za lori na pembeni kuna korongo. Mama anasali kwa sauti. Mimi nimeruka nje natafuta jiwe gizani, mkono unarudi na mchanga.

Aliyetuokoa ni utingo wa lori la nyuma. Alikuja mbio na gogo begani, akalisukumia nyuma ya tairi, gari ikalipanda kidogo halafu ikasimama. Kijana mdogo, labda miaka ishirini. Hakusema neno. Akaenda kukata matawi akayapanga barabarani, nyuma na mbele, ndipo akarudi kutuuliza kama mtoto ni mzima.

Tulikaa pale hadi saa sita usiku. Injini ikapoa, kaka akazungusha ufunguo, ikawaka. Ikazima tena Ilula, ikazima tena kabla ya Iringa mjini. Tukaiacha gereji Iringa, tukapanda basi. Tumefika Njombe saa kumi na moja jioni. Baba mdogo alikuwa amezikwa saa nane.

Kilichoniuma zaidi, wiki mbili kabla ya safari boksi lile lilifunguliwa Dar. Fundi akasema lina unyevu, "amelikausha", akachukua elfu themanini. Mama mpaka leo hapandi Noah.

Bomba la Moshi
Pole sana mkuu. Mwili umenisisimka.

Binti Sekenke
Poleni sana. Mungu amrehemu baba mdogo. Huyo utingo mliwahi kumpata tena?

Mjukuu wa Njombe
Hapana dada. Tulimpa vitunguu, alikataa pesa. Namba ya lori hakuna aliyeishika.

Dereva wa Tunduma
Nimepita Kitonga miaka kumi na moja na semi. Gogo si mapambo jamani. Gari ndogo nazo zibebe, hata kipande cha futi moja chini ya siti kinatosha. Na mkipanda acheni nafasi, msiligande lori la mbele.

Chuma Chakavu
Mmeona? Huyo ndiye fundi wa kukarabati. Elfu themanini za kukausha, watu saba nusura waishie korongoni. Fundi wa Uyole, nyie ndio mnaoua watu.

Fundi wa Uyole
Usinitukane, hunijui. Aliyefanya vile hakukarabati kitu. Kapasita ikivuja haikauki ikapona. Inatolewa, bodi inasafishwa kwa spiriti, njia zilizoliwa zinaungwa upya, inawekwa kapasita mpya yenye thamani ile ile na inayohimili joto la nyuzi 105. Boksi la mtumba unalolisifia nalo ni la mwaka ule ule, kapasita zake zina umri ule ule. Umenunua ugonjwa uliochelewa tu.

Chuma Chakavu
Langu lina mwaka wa nne. Sina la kuongeza.

Fundi wa Uyole
Shukuru Mungu. Na siku ukilifungua, nuse.

Mwana wa Likoni
Mimi niko Mombasa, ndugu zangu, na yangu ni Voxy, ndugu yake Noah. Fundi alikuja kuchomelea paipu ya moshi, hakutoa waya za betri. Alipomaliza gari haikuwaka tena. Nikaagiza boksi kutoka Nairobi, Kirinyaga Road, jamaa akaniambia Voxy ni Voxy. Si kweli! Ya kwangu ni ya 2003, giaboksi ya gia nne. Alilonitumia lilitoka kwenye Voxy ya CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua. Nikalirudisha kwa basi, nikalipa mara mbili. Sasa hivi mtu akiniuliza namwambia apige picha ya kile kibandiko juu ya boksi lake. Namba inaanza na 89661, halafu kuna nyingine tano. Zile tano ndizo za kufananisha, moja baada ya nyingine.

Alphard Nyeusi
Na wenye gari za ufunguo wa chipu mjihadhari. Alphard yangu ya 2004, nimefunga boksi lenye namba ile ile kabisa, stata inazunguka, haiwaki. Boksi halikuutambua ufunguo wangu. Fundi mmoja kijana sana, Sinza, alilifungua la zamani akatoa chipu ndogo ya miguu minane akaihamishia kwenye lile jipya. Ikawaka hapo hapo. Kwa hiyo boksi lenu bovu msilitupe, wala msimwachie fundi.

Binti Sekenke
Hili la kumwachia fundi ni muhimu. Nililiacha, nikasikia limeuzwa.

Mti Mkavu
Wakuu, Kitonga imetugusa wote, lakini Mama Wawili bado gari yake iko gereji. Fundi wa Uyole, taa haiwaki kabisa, aanzie wapi?

Fundi wa Uyole
Dada, kama fyuzi, rilei na ethi ni nzima, kuna kitu kimoja nataka fundi wako akifanye mbele ya macho yako. Boksi linapeleka volti 5 kwenye sensa. Sensa moja ikipiga shoti, zile volti 5 zinaanguka, boksi linazima kila kitu na linaonekana limekufa. Swichi ikiwa imewashwa, achomoe soketi ya sensa ya throto, ile inayopima throto imefunguka kiasi gani. Tazama taa. Hakuna kitu, achomoe ya sensa ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa kwenye injini. Tazama taa. Ni kazi ya dakika tano, haina gharama. Isipowaka hapo, tutazungumza habari ya boksi.

Chuma Chakavu
Na kama ni kweli boksi limeungua, dada, waulize limeunguzwa na nini. Koili yenye shoti inaweza kuunguza na la pili. Hapo nakubaliana na fundi.

Dereva wa Tunduma
Leo mmepatana.

Mama Wawili Moro
Nimetoka gereji sasa hivi. Fundi hakutaka, akasema ananijua mimi si mtu wa magari. Nikamwomba kwa heshima, nikamwonyesha simu. Kachomoa ya throto, taa IMEWAKA. Akairudisha, ikazima. Akachomoa tena, ikawaka. Akapiga stata ikiwa imechomolewa, gari ikawaka wadau, inatetemeka lakini imewaka! Nimelia pale pale. Laki nne nilishaikopa kwenye kikoba, kesho asubuhi narudisha.

Sasa hiyo sensa nanunuaje nisije nikauziwa nyingine?

Fundi wa Uyole
Hongera sana dada. Ifunguliwe, uende nayo mkononi. Angalia miguu ya soketi ilingane kwa idadi na mpangilio, na namba yake ilingane. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji apime kwa mita, akiizungusha taratibu namba zipande bila kuruka. Akikataa kupima, nenda duka la pili.

Mjukuu wa Njombe
Mama Wawili, na hendibreki waiangalie gari ikiwa bado iko hapo.