Tupeane uzoefu: rekoda ndogo ya kufunga kwenye sledi ya Steadicam, unaichagua kwa vigezo gani?

Mshika_Nguzo:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa rekoda ndogo anayofunga mwendesha Steadicam (kifaa kinachovaliwa mwilini ili kamera itulie ukitembea) kwenye sledi yake (nguzo yenye kamera juu, monita na betri chini), ile inayonasa picha ya monita ili teki (mara moja ya kurekodi) ikiisha uone mara moja mstari wa upeo uliinama wapi na mwigizaji alitoka fremu wakati gani, na mwongozaji naye aangalie kabla hajaamua kurudia. Picha kuu inabaki ndani ya kamera. Kwa hiyo 4K, RAW na orodha ndefu ya kodeki (njia za kubana video) zisikuyumbishe. Kwa kazi hii 1080p inatosha kabisa.

Kigezo changu cha kwanza ni mahali rekoda itakapokaa kwenye njia ya ishara. Isikae kati ya kamera na monita. Rekoda nyingi huichakata picha kabla ya kuitoa upande wa pili, na kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu inayokwama humo ni milisekunde 40. Ukitembea polepole huenda usihisi kitu. Ukipani (ukigeuza kamera kushoto au kulia) haraka kumfuata mtu anayekimbia, unakuwa unarekebisha fremu iliyokwisha kupita. Njia salama: SDI (ishara ya video kwa kebo) ya kamera ishuke kwenye nguzo hadi kwenye monita, kisha tundu la lupu la monita (linalotoa ishara ileile iliyoingia) lilishe rekoda. Kama sledi yako ina kisambaza ishara chini, ni bora zaidi, maana kila kifaa kinapata tawi lake na rekoda ikiganda monita haiguswi.

Kupima ucheleweshaji si kazi kubwa. Washa saa ya kupimia muda kwenye simu, ielekezee kamera, weka simu kando ya monita, halafu kwa simu nyingine piga picha inayochukua vyote viwili. Tofauti ya namba ndiyo ucheleweshaji. Rudia ishara ikiwa imepitishwa kwenye rekoda, utoe hesabu. Piga picha kadhaa uchukue wastani, kwa sababu skrini ya simu nayo ina mwendo wake wa kujichora upya.

Fundi_Soketi:
Asante mkuu. Mimi niongeze upande wa umeme, maana huko ndiko vifaa vinakofia.

Betri ya V-mount (betri ya kamera yenye kifungio cha umbo la V) ya 14.4 V ikijaa hutoa 16.8 V (seli 4 mfululizo, kila moja 4.2 V). Soma kikomo cha juu cha volti kwenye lebo ya rekoda. Kikiwa chini ya hapo, weka kipunguza volti katikati. Sledi nyingine zina laini ya 24 V karibu na ile ya 12 V, na plagi za Lemo (plagi ndogo za duara za umeme) zinafanana kwa macho ilhali mpangilio wa pini unatofautiana kati ya sledi na sledi. Pima kila pini kwa multimita kabla ya kuchomeka chochote. XLR ya pini 4 ndiyo iliyotulia: pini 1 hasi, pini 4 chanya.

Halafu kuna kuungua kwa SDI, na hili tafadhali lisipuuzwe. D-Tap (plagi inayotoa umeme wa betri) ikilegea au upande wake wa hasi ukigusa kwa kuchelewa, mkondo unaorudi kwenye betri hutafuta njia nyingine, na njia iliyo wazi ni ngao ya kebo ya BNC (kiunganishi cha SDI). Chipu inayotoa SDI kwenye kamera huungua, na kamera ni mali ya watu. Utaratibu: chomeka kebo ya umeme ya rekoda kwanza, hakikisha imekaa sawasawa, ndipo ufunge BNC. Ukifungua, BNC itoke kwanza, umeme ufuate. Usichomoe umeme huku BNC imeshika. Kebo ya SDI iwe ya omu 75 yenye ngao nzuri. Kebo nyembamba na laini zinafaa kwa umbali mfupi wa sledi, hata kwa SDI ya 3G (takriban Gb 3 kwa sekunde).

Jambo la mwisho: sledi ikibadilishwa betri, rekoda inayotegemea umeme wa sledi peke yake inazimika, na faili lisilofungwa huweza kuharibika. Chukua yenye tundu la DC pamoja na sehemu ya betri yake ndogo, na iwe inahama kutoka chanzo kimoja hadi kingine bila kukatika. Jaribu nyumbani: anza kurekodi, chomoa DC, irudishe, kisha fungua faili uone kama lina urefu kamili.

Dada_Gimbali:
Nauliza ndugu zangu, kwa nini tusitumie monita-rekoda moja, kama Atomos Ninja au Blackmagic Video Assist, ikawa ndiyo monita ya sledi? Uzito unapungua na kebo zinapungua.

Mshika_Nguzo:
Dada, inawezekana, na kwa sledi nyepesi ni chaguo zuri. Angalia mambo matatu. Mwangaza wa skrini: niti 1000 zinavumilika kivulini, lakini juani opereta anatazama chini kwenye skrini inayoakisi anga, na hapo monita maalumu za Steadicam bado ziko mbele sana. Feni: modeli zenye feni husikika kwenye chumba kimya, na watu wa sauti watakuja kwako kabla hujatulia. Tatu, ukibonyeza kucheza teki unapoteza picha ya moja kwa moja. Mimi napendelea viwili tofauti. Tena Ninja V yenyewe inapokea HDMI; kwa SDI inahitaji moduli ya nyongeza, na HDMI haina kufuli. Kiunganishi cha HDMI ndogo kinacholegea katikati ya teki ni hasara tupu.

Balansi_Kwanza:
Naona hakuna aliyegusa balansi, na hapa ndipo rekoda inakubalika au inakataliwa.

Chukua rekoda ya gramu 300 pamoja na betri yake. Ukiifunga sentimita 20 kutoka kwenye nguzo, betri ya sledi ya kilo 1 iliyo upande wa pili italazimika kusogea nje sentimita 6 ili sledi isimame wima. Ukiifunga sentimita 5, inasogea sentimita 1.5 tu. Kwenye pani tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu ukinzani wa kuzunguka hukua kwa mraba wa umbali: gramu zilezile zikiwa sentimita 20 hukinza mara 16 kuliko zikiwa sentimita 5. Wapo wanaotaka ukinzani huo kwa makusudi, sledi itulie kwenye upepo. Basi liwe uamuzi wako, isiwe ajali ya mahali palipokuwa na tundu la skrubu.

Ukishafunga, fuata mpangilio huu. Rudisha kwanza wima kwa kusogeza monita au betri. Kisha pima muda wa kuanguka: laza nguzo hadi mlalo, achia, hesabu mpaka ipite wima. Wengi hufanya kazi kwenye sekunde 2.5 hadi 3. Uzito mpya wa chini utaufupisha muda huo, kwa hiyo shusha gimbali (kiungo cha kuzunguka kilicho kwenye nguzo) kidogo kidogo hadi urudi. Mwisho, zungusha sledi ukiwa umeishika kwenye gimbali. Nguzo ikiyumba kama pia ya kuchezea inayotaka kuanguka, balansi ya mzunguko imevurugika, na mara nyingi rekoda imekaa mbali mno au pembeni ya mstari unaounganisha monita na betri. Isogeze iingie kwenye mstari huo, urudie tangu mwanzo.

Kifungio kiwe kigumu. Mikono na vichwa vyenye viungo vya tufe vinavyozunguka hucheza kidogo kila hatua, na mtikisiko huo hupanda hadi kwenye lenzi. Kibano cha fito za milimita 15 ndicho ninachokiamini. Betri ya rekoda nayo ichaguliwe ndogo: NP-F550 ni kama gramu 100, NP-F970 ni kama 300. Ukibadilisha aina katikati ya kazi, balansi yako imekwenda.

Kwa stabilaiza za mota, dada, weka rekoda kwenye mpini, usiiweke kwenye sehemu inayozunguka. Kebo ya HDMI ngumu peke yake huvuta mhimili na kuichosha mota. Tumia kebo laini na uache kitanzi cha kutosha.

Kadi_na_Faili:
Kuhusu kodeki: kwa 1080p ya fremu 25, katika ngazi za kodeki ya ProRes, Proxy ni takriban Mb 38 kwa sekunde, LT 85, 422 ya kawaida 122, na HQ 184. Kwa saa moja hiyo ni karibu GB 17, 38, 55 na 83. Mimi nasema LT: kadi ya GB 128 inabeba zaidi ya saa 3, na picha inafaa hata kwa kazi za kuonyesha uwezo wako baadaye. H.264 inapunguza ukubwa wa faili, ila fremu zake nyingi hutegemeana, hivyo kurudi nyuma fremu moja moja hukwama kwenye vifaa vidogo. Kwenye ProRes kila fremu inajitegemea, na kurudi nyuma fremu moja moja ndiyo kazi yetu hasa. Fomati kadi ndani ya rekoda, si kwenye kompyuta.

Rekoda nyingi huanza zenyewe kwa alama ya kurekodi iliyo ndani ya SDI. Washa mpangilio huo pande zote mbili, kamera na rekoda. Ukiweka kigeuzi katikati, alama hiyo pamoja na taimkodi (namba ya muda ya kila fremu) huweza kupotea. Na mazoezi kabla ya teki hayana alama, kwa hiyo hakikisha kitufe cha kurekodi kinafikika kwa kidole huku umevaa vesti, pamoja na taa nyekundu inayoonekana.

Fundi_Soketi:
Nyongeza fupi. Jaribu rekoda na fremu 23.976, 24, 25, 29.97 na 50 kwa sekunde, progresivu (fremu nzima) na PsF (fremu nzima inayotumwa kwa nusu mbili), kabla ya kununua. 25PsF husomwa na vifaa vingine kama 50i (nusu-fremu za nyakati tofauti), na picha ikatoka na kingo za meno. Kama kamera inatoa logi (picha iliyopauka, ya kurekebishwa rangi baadaye), rekoda ionyeshe LUT (jedwali la kurekebisha rangi) kwenye skrini bila kuichoma ndani ya faili. Mistari ya fremu na kipima upeo vinavyochorwa na monita kwa kawaida havipiti kwenye lupu. Ukivihitaji kwenye rekodi, ishara itoke kwenye kifaa kinachovichora.

Kadi_na_Faili:
Na ruhusa, ndugu zangu. Picha hizo si zako, ni za wenye filamu. Omba kabla ya siku ya kazi, tena kwa maandishi, ujue kama unaruhusiwa kubaki nazo, kwa muda gani, na nani anatakiwa kuiona kadi ikifutwa. Zipo kazi ambazo rekoda haitakiwi kabisa kwenye sledi, na hapo unairudisha kwenye begi na kupima balansi upya.