Ulinganisho: seva ya Slackware 15.0 na Zabbix 7.0, njia gani ya kuifuatilia inadumu?

kondele_net
Habari zenu wakuu. Seva iko Kisumu, Slackware 15.0 (aina ya Linux) ya biti 64, inabeba Samba na hifadhidata ya duka la jumla. Zabbix 7.0 (programu ya kufuatilia seva) iko Nakuru na ina anwani ya umma. Kisumu intaneti ni ya modemu ya laini ya simu, haina anwani ya umma. Zabbix hawatoi kifurushi cha Slackware. Naona njia nne: kugeuza RPM (kifurushi cha Red Hat na jamaa zake) kwa `rpm2tgz`, kujenga ajenti (kiprogramu cha Zabbix kinachokaa kwenye seva na kutuma vipimo) kutoka msimbo chanzo, node_exporter (kiprogramu kingine cha kutoa vipimo), au SNMP (itifaki ya kuuliza vifaa hali yao). Ipi itavumilia stima kukatika na laini kupotea? Kubadilisha mfumo mzima sitaki.

section58
Anza na swali la nani anambishia mwenzake hodi. node_exporter (poti 9100) na snmpd (poti 161, UDP) hukaa kimya mpaka ziulizwe. Nakuru itaulizaje seva isiyo na anwani ya umma? Ukitaka hizo mbili lazima kwanza usimike WireGuard (VPN, njia ya faragha kati ya Kisumu na Nakuru). Ajenti ya Zabbix inaweza kutoka yenyewe kwenda poti 10051 ya Nakuru, na kwenye modemu hakuna cha kufungua, ni trafiki ya kutoka tu. Kwa hali yako naona shindano limebaki kati ya RPM na msimbo chanzo.

bungoma_root
RPM iache, na sababu ni hii. Slackware 15.0 ina glibc 2.33 (maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux huitegemea). Vifurushi vya el9 (vya Red Hat 9; el8 ni vya 8) vimejengwa juu ya 2.34, toleo lililoiunganisha libpthread ndani ya libc, kwa hiyo utapata ``version `GLIBC_2.34' not found`` na hapo ndio mwisho. Tena vinataka `libssl.so.3`, maktaba ya usimbaji ya OpenSSL 3, nawe una OpenSSL 1.1.1. Cha el8 kina nafasi kwa sababu kimejengwa juu ya glibc 2.28 na OpenSSL 1.1.1. Jaribu kabla ya kusakinisha:

`ldd usr/sbin/zabbix_agentd | grep 'not found'`

Hata ikitoka tupu, `rpm2tgz` haiendeshi skripti za RPM. Mtumiaji `zabbix` hataundwa, na faili la systemd (la kuwashia huduma) litakaa tu bila kazi kwa sababu Slackware haina systemd. Utayafanya hayo yote kwa mkono, halafu kila toleo jipya uanze upya. Kuhariri `/etc/os-release` (faili linalotaja jina la mfumo) ili kudanganya visakinishi ni kubaya zaidi, maana skripti nyingine baadaye zitaamini uongo huo huo.

nyalenda_ke
Naunga mkono. Slackware ukiisakinisha kamili inakuja na gcc na make, kwa hiyo kujenga ni kazi ndogo. Kama root:

`groupadd --system zabbix`
`useradd --system -g zabbix -s /bin/false zabbix`
`./configure --enable-agent --with-openssl --sysconfdir=/etc/zabbix`
`make && make install`

Usiisahau `--with-openssl`. Bila hiyo, ajenti itakataa kuwaka mara utakapoandika mstari wowote wa TLS (usimbaji fiche), na ukiifuta mistari hiyo data itapita wazi kwenye intaneti. Ufunguo wa siri wa pamoja (PSK):

`openssl rand -hex 32 > /etc/zabbix/ajenti.psk`
`chown root:zabbix /etc/zabbix/ajenti.psk`
`chmod 640 /etc/zabbix/ajenti.psk`

Kwenye `zabbix_agentd.conf` weka `ServerActive` (anwani ya Nakuru), `Hostname`, `TLSConnect=psk`, `TLSPSKIdentity` na `TLSPSKFile`. Kwa kuwa hakuna atakayekuuliza kutoka nje, weka pia `StartAgents=0`, ajenti isifungue poti 10050 kabisa. Toa logi kwenye `/tmp`, ipeleke `/var/log/zabbix` na folda iwe mali ya mtumiaji zabbix.

Kuwasha: ongeza kwenye `/etc/rc.d/rc.local`

`/usr/local/sbin/zabbix_agentd -c /etc/zabbix/zabbix_agentd.conf`

na uhakikishe rc.local ina ruhusa ya kuendeshwa. Ajenti ikiwashwa na root hujishusha yenyewe iwe mtumiaji zabbix.

kondele_net
Ahsante sana ndugu. Imejengeka na imewaka. Lakini logi inarudia `no active checks on server`, na mwishoni `host [kisumu-duka] not found`.

section58
Jina. `Hostname` lazima lifanane herufi kwa herufi na jina la seva ulilosajili Nakuru, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. "Kisumu-duka" na "kisumu-duka" ni seva mbili. Ukishalisawazisha, hakikisha umetumia kiolezo (orodha tayari ya vipimo) cha `Linux by Zabbix agent active`. Kile kisicho na neno active kinataka Nakuru ndiyo iulize ajenti, na grafu zitabaki tupu huku ukidhani mtandao ndio mbovu.

kakamega_bits
Msiitupe node_exporter wakuu. Imeandikwa kwa Go na faili lake halitegemei glibc, kwa hiyo hilo tatizo la 2.34 haliigusi. Mwenye WireGuard tayari ataisimika kwa dakika 5. Ila apime bando kwanza:

`curl -s -H 'Accept-Encoding: gzip' localhost:9100/metrics | wc -c`

Tuseme jibu ni kilobaiti 15. Ukiuliza kila sekunde 15 ni megabaiti 86 kwa siku, karibu gigabaiti 2.6 kwa mwezi. Kila sekunde 60 inashuka hadi megabaiti 650 hivi.

bungoma_root
Kuhusu stima na laini. `BufferSize` (idadi ya thamani ambazo ajenti inazishikilia zikisubiri kutumwa) ya kawaida ni 100. Ukikusanya 60 kwa dakika, laini ikipotea inajaa kabla ya dakika 2 na za zamani zinaanza kutupwa. Ipandishe hadi 65535, kikomo chake, upate takriban saa 18. Lakini hiyo ni RAM: stima ikienda kabla ya laini kurudi, zimepotea. Anayetaka zikae kwenye diski ajenge Agent 2, ajenti nyingine ya Zabbix ambayo inataka Go na ina `EnablePersistentBuffer=1`.

Na betri ya CR2032 kwenye ubao mama iangaliwe. Ikifa, seva itawaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Ajenti hutia kila thamani saa yake yenyewe na Zabbix haiisahihishi, kwa hiyo data inafika Nakuru vizuri kabisa lakini grafu ya leo haina kitu.

Iruhusu ntpd, inayosawazisha saa kupitia mtandao:

`chmod +x /etc/rc.d/rc.ntpd`

kisha washa seva upya na uangalie `ntpq -p`. Subiri nyota itokee kando ya mojawapo ya seva za saa.