Kisima chetu Jambiani kimegeuka chumvi: tuchimbe zaidi?

Mjukuu wa Jambiani:
Assalamu alaykum. Kisima chetu hapa Jambiani, Unguja, alichimba babu, na maji yake yalikuwa matamu. Tangu nyumba ya wageni jirani iweke mota ya kuvuta maji, sabuni haitoi povu, na ndoo ikikauka inabaki na utando mweupe. Bamvua likija, bahari ikijaa sana, ndiyo chumvi inazidi. Fundi anataka tuongeze kina cha pima mbili, kama mita tatu na nusu. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Fundi wa Uwandani:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nakuomba usichimbe! Kazi hii nimezeekea, na nimeona visima vizuri vikiuliwa hivyo hivyo.

Uwandani kwetu ni jiwe la matumbawe, limejaa nyufa na mapango. Mvua ya masika haipati mto, inazama papo hapo. Maji hayo baridi, yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake humo humo ndani ya jiwe. Hesabu ya wataalamu: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Lakini karibu na pwani huipati hiyo mita. Sentimita 10 ni mita 4 tu, na bamvua linazichanganya. Pima mbili zitakupeleka kwenye chumvi yenyewe. Mota kubwa nayo inaivuta chumvi ipande, na ukizima haishuki upesi.

Jaribu hivi alfajiri, kabla hajachota mtu: chupa yenye kizibo, ifunge jiwe, iteremshe mpaka chini, ndipo uvute kamba ya kizibo. Sukutua, uteme, ulinganishe na maji ya juu. Ya juu yakiwa afadhali, chota juu juu, kidogo kidogo.

Mama Paje:
Fundi kasema kweli. Tega na mvua, mwanangu. Bati la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000 kasoro zinazomwagika. Maji ya mwanzo yamwage, yanaosha bati. Na karo la maji machafu la nyumba ya wageni liko wapi? Jiwe la nyufa halichuji uchafu. Ya kunywa chemsha, ingawa chumvi haitoki kwa moto.

Mjukuu wa Jambiani:
Karo liko upande wa juu yetu, hatua chache. Jirani nimwambieje?

Fundi wa Uwandani:
Nenda na sheha, kiongozi wa mtaa wenu, na chupa zako mbili mkononi, ya maji ya juu na ya chini. Mwenye nyumba ya wageni azionje mwenyewe. Mwombeni aweke mota ndogo, avute polepole usiku kucha ajaze tangi, na karo alijengee sakafu. Chumvi ikikupata wewe leo, na yeye itamfika.