Ripoti ya ukaguzi wa dohani imenichanganya, naombeni ushauri wakuu

Mnyalu_Ughaibuni
Wakuu, habari za jioni. Niko Minnesota, mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa nane tulinunua nyumba ya matofali iliyojengwa 1958, ina meko ya kuni sebuleni. Juzi fundi wa dohani kaja kukagua, kaniachia ripoti ya kurasa nne. Kiingereza cha kazini nakimudu, hiki kimenishinda. Anasema kreosoti imefika daraja la tatu, bitana ina ufa kwenye kigae cha pili kutoka chini, dampa imeganda, taji limepasuka, na anataka kurudi kufanya ukaguzi wa leveli 2. Jumla dola 6,800. Mke wangu anasema tunapigwa. Anayejua anifafanulie, yepi ni hatari kweli na yepi ni ya kututisha tulipe? Baridi imeshaingia.

Kokoto_Tanga
Dola 6,800 huku unasimamisha boma. Mkuu, hebu kwanza tuambie riba ya mkopo wa nyumba huko ni asilimia ngapi? Nina shemeji yuko Texas kila siku anasema atanunua, mwaka wa nne huu.

Mwati_wa_Njombe
Umenikumbusha mbali. Baba alikuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la chai, Mufindi. Kila chumba kikubwa kilikuwa na meko, na mwezi wa saba bila moto hulali. Mwaka mmoja moshi wote ukarudi ndani, wageni wakakimbilia nje na blanketi. Fundi alipopanda juu alitoa kiota cha ndege kinachojaa debe. Tangu siku hiyo baba alikuwa anapanda mwenyewe kila kabla ya kipupwe, na mimi nashika ngazi. Angalia viota, ndugu yangu.

Fagio_la_Waya
Mleta mada, nimefagia dohani Massachusetts miaka sita. Nakujibu ulichouliza.

Bitana ni kama bitana ya koti. Ndani ya matofali kuna vigae vya udongo vimepangwa kimoja juu ya kingine, moshi unapita humo. Kigae kikipasuka, joto na gesi vinaifikia mbao ya ukuta wako. Dampa ni kile kibati cha kufunga na kufungua koo la meko. Kikiganda kimefungwa moshi unarudi sebuleni. Taji ni zege la juu kabisa linalozuia mvua. Likipasuka maji yanaingia, yanaganda, yanapanua ufa. Hilo linaweza kusubiri wiki kadhaa, bitana haisubiri.

Kreosoti ni utomvu wa moshi wa kuni. Daraja la kwanza ni masizi laini, unafagia tu. La pili ni magamba meusi makavu. La tatu imeganda kama lami, inang'aa ukiimulika, brashi inateleza juu yake. Na inashika moto.

Leveli si ukubwa wa hatari, ni kina cha ukaguzi. Kanuni ya NFPA 211, ya chama cha kinga ya moto cha Marekani, inazo tatu. Ya 1 ni kutazama panapofikika kwa tochi. Ya 2 wanashusha kamera dohani nzima. Ya 3 wanabomoa sehemu ya ukuta au dohani kufika palipojificha. Nyumba inapouzwa inatakiwa leveli 2, kwa hiyo ulipaswa kuipata mwezi wa nane. Ulipewa? Na kilichokufanya umwite fundi juzi ni nini?

Mnyalu_Ughaibuni
Ubarikiwe sana mkuu. Dalali alisema tukiweka masharti mengi nyumba itachukuliwa na mwingine, tukakagua vingine, dohani tukaiacha. Fundi nilimwita kwa tahadhari tu. Nimeshanunua lile gogo la dawa la kusafishia dohani, dola ishirini na kitu, na binamu yangu ana brashi. Nadhani litatosha kwa msimu huu.

Fagio_la_Waya
Lile gogo unalisafishia kwa kuliwasha. Unataka kuwasha moto chini ya kigae kilichopasuka. Tena linaikausha kreosoti, haliiondoi. Nakuuliza tena, ndugu: nini kilitokea?

Mnyalu_Ughaibuni
Jumamosi usiku tuliwasha kuni nyingi, wageni walikuwepo. Ghafla ukasikika mngurumo ndani ya ukuta, kama treni inapita. Jirani akaja kugonga mlango, cheche zinatoka juu ya paa. Kama dakika tano hivi ukakatika wenyewe. Chumba cha mwanangu kiko juu ya meko. Niliweka kiganja ukutani nikakitoa haraka.

Zimamoto sikuwaita kwa sababu ulishazima. Na bima wakijua watapandisha malipo, sina nafasi hiyo, natuma hela nyumbani kila mwezi. Msinielewe vibaya.

Bi_Mwanahawa
Mwanangu, mtoto amelala juu ya ukuta wa moto na wewe unahesabu bima? Hao unaowatumia hela nyumbani, nani kati yao angekubali kula hela hiyo kama angejua?

Paka_Shume
Wakuu, hii chai. Mwanzo ukaguzi tu, kisha "tahadhari", sasa treni ukutani na cheche juu ya paa. Na mtaalamu wa miaka sita kajitokeza saa hiyohiyo. Hawa ni mtu mmoja, mkae mkao wa kuuziwa huduma.

Kokoto_Tanga
Hata mimi nilianza kujiuliza. Na riba hajajibu.

Mnyalu_Ughaibuni
Paka, ningetunga ningejitungia mazuri. Jumapili asubuhi nilikuta kipande juu ya majivu. Ni chekundu kama gae la chungu, unene wa kidole, upande mmoja una weusi unaong'aa kama umepakwa vanishi, upande uliovunjika bado msafi. Kipo hapa mezani. Sikujua ni cha nini mpaka niliposoma maelezo ya Fagio, na tangu hapo sijaweza kula.

Fagio_la_Waya
Weusi upande mmoja na mvunjiko msafi: kigae kimepasuka Jumamosi hiyohiyo. Mtu wa kutunga hawazi mvunjiko msafi. Usikitupe, kipige picha. Moto wa dohani bima nyingi hulipa kwa sababu ni ajali ya ghafla. Uchakavu ndio hawalipi. Kwa bei, tafuta fundi wa pili mwenye cheti cha CSIA, taasisi ya usalama wa dohani ya Marekani, ashushe kamera nawe ukitazama picha. Wapo wanaotisha watu, ndiyo maana uone kwa macho yako. Usiwashe hata njiti.

Paka_Shume
Weka picha ya hicho kipande nitakuomba radhi hadharani.

Mnyalu_Ughaibuni
Nitaweka nikitoka kazini. Mtoto tumemhamishia chumbani kwetu, kengele ya gesi ya kaboni monoksidi tumefunga jana, fundi wa pili anakuja Jumatatu. Gogo nimelirudisha dukani. Swali la mwisho mkuu Fagio: kwenye fomu ya bima niandike tarehe gani, ile Jumamosi, au siku fundi alipougundua ufa? Maana ya pili naona ina maswali machache.

Fagio_la_Waya
Jumamosi. Siku uliyosikia treni.