Kruza ya kunibeba mimi na bibi mpaka Kisii: Vulcan 900, Suzuki C50 au Super Meteor 650?

Mkisii_wa_Rongai:
Wadau wa magurudumu mawili, salamu. Nimepanda nduthi ya cc 200 miaka mingi, Rongai hadi kazini Upper Hill na kurudi, na sina la kuilaumu. Lakini watoto sasa wako shule za bweni, nyumbani tumebaki mimi na mama yao, na tumeanza kuonja utamu wa kutembea wikendi. Naivasha, Nanyuki, na likizo ikifika tunaenda ushago Kisii kupitia Narok. Shida ni hiyo cc 200. Watu wawili na begi, mnarudi Nairobi, mnapanda ule ukuta wa Mai Mahiu nyuma ya lori la mchanga: unabaki kuomba Mungu.

Nataka kruza ya wastani, ile pikipiki nzito yenye kiti cha chini. Zile za kulala kifuani mwa tangi sitaki, na zile ndefu za safari bibi alishasema hapandi kitu ambacho lazima apewe ngazi. Nimechuja nikabaki na tatu. Kawasaki Vulcan 900 Classic iliyotumika, Suzuki Boulevard C50 iliyotumika (ile ya cc 805), na Royal Enfield Super Meteor 650. Bajeti ni milioni moja hivi, naweza kuongeza kidogo lakini si ya kujiumiza.

Nisiwafiche, Vulcan ndiyo imeniingia rohoni. Mimi nina futi tano na inchi sita, bibi ni mfupi kunishinda. Siku za kazi ni jamu ya Lang'ata Road, wikendi ni masafa. Na kipande cha mwisho kufika kwetu ni udongo mwekundu. Nipeni akili kabla sijatoa pesa.

Roho_Juu:
Roho ikishapenda, hesabu ya nini? Chukua Vulcan.

Mzee_wa_Magadi:
Roho_Juu, wewe huishi Rongai. Ndugu yangu Mkisii, kabla ya sauti angalia mizani. Vulcan 900 Classic ikiwa na mafuta na maji yake ni kilo 281. C50 ni 277. Super Meteor ni 241. Tofauti ni kilo arobaini, karibu nusu gunia la mahindi, na hilo nusu gunia huwezi kulihisi ukiwa unakimbia. Unalihisi pale Bomas magari yamesimama, unajipenyeza kati ya mathree mbili kwa miguu, na bodaboda aliyebeba abiria na godoro anakupigia honi nyuma umpishe.

Urefu wa kiti usikutishe hata kwa moja. Vulcan sentimita 68, C50 sentimita 70, Super Meteor 74. Kwa kimo chako zote unakanyaga chini vizuri. Ila ya tatu ijaribu kwanza, kiti chake ni kipana mapajani.

Jambo jingine ni joto. Vulcan na C50 ni silinda mbili za umbo la V, na silinda ya nyuma iko chini ya paja lako. Zina radieta na feni, ndiyo, lakini feni ikiwaka kwenye jamu ile hewa moto inaenda wapi? Inakuja kwako. Mimi nimestaafu, sina jamu, ndiyo maana natumia ya V na nafurahi nayo.

Mkisii_wa_Rongai:
Asante mzee. Hilo la paja sikuwa nimelifikiria. Lakini si Super Meteor ina farasi 47 tu? Na huku kwetu juu injini hupungua nguvu. Mlimani na bibi itaweza?

Dereva_Mstaafu:
Nikujibu hapo. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Limuru ni juu zaidi ya mita 2,200, kwa hiyo pale umeshaacha kama moja ya tano ya hizo farasi. Lakini hilo linazipata zote tatu sawasawa. Na zote ni za injeksheni, zinapima hewa zenyewe, hazitoi moshi mweusi kama zile za kabureta zilizosetiwa kwa nchi ya usawa wa bahari.

Farasi usizihesabu sana, maana Vulcan nayo iko kwenye 50 tu. Tofauti iko kwenye mvuto, ile nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm. Vulcan inatoa karibu Nm 78 na inazitoa chini kabisa, kwenye mizunguko kama 3,500 kwa dakika. C50 ni kama 69, chini vilevile. Super Meteor ni 52, na inazitaka mizunguko zaidi ya 5,000. Maana yake ni kwamba nyuma ya lori pale ukutani, mwenye Vulcan anafungua mkono wa mafuta tu. Mwenye Meteor anashuka gia, pengine mbili, ndipo apite. Itapita, usihofu. Lakini haitapita kwa uvivu.

Roho_Juu:
Si nilisema?

Fundi_wa_Ngara:
Nyote mnaongea injini. Injini za hizi tatu nimeshazifungua, ukimwaga oili kwa wakati hazina maneno. Kruza hapa Nairobi swali lake la kwanza ni tairi.

Vulcan 900 Classic nyuma inavaa 180/70-15. C50 inavaa 170/80-15. Rimu ya inchi 15, nyuma ya pikipiki! Zunguka Kirinyaga Road yote ukiulizia saizi hiyo, utaonyeshwa za Boxer, utaonyeshwa za gari, halafu utaletewa soda ukae kidogo "kijana ameenda kuangalia stoo". Mara nyingi ni kuagiza nje na kungoja, na kruza yenye abiria hula tairi la nyuma haraka. Ya C50 ina nafuu kidogo kwa sababu DragStar 650 Classic pia inavaa hiyo hiyo, kwa hiyo kuna watu wanaoziagiza. Ile 180/70-15 ni kuihangaikia peke yako. Super Meteor nyuma ni 150/80-16, na Rebel 500 nayo ni hiyo. Mbele ni 100/90-19, saizi ya kawaida.

Usiniambie utafunga tairi la gari. Najua wapo wanaofanya hivyo mpaka Marekani. Tairi la gari uso wake ni bapa, pikipiki inalala kwenye kona. Ukilala pale Mai Mahiu unasimama kwenye ukingo wa tairi ambao haukutengenezwa kubeba mtu. Kwangu nimekataa kuzifunga, atakayetaka aende kwingine.

Halafu kuna pancha. Vulcan Classic na C50 zina rimu za spoki, ndani kuna tyubu. Super Meteor ina rimu za aloi, haina tyubu. Umechomwa na msumari uwanda wa Suswa, upepo unavuma, jua linazama. Ya aloi unaichoma utambi, unajaza upepo kwa pampu ndogo, unaendelea. Ya tyubu ni kung'oa gurudumu la nyuma la pikipiki ya kilo 280, bila stendi ya katikati. Shemeji atakusaidia kushika?

Binti_wa_Lami:
Fundi umeua. Na kwa kuwa umemtaja shemeji, niongee kwa niaba yake, kwa sababu nimekaa nyuma kabla sijaanza kuendesha mwenyewe.

Kaka, kruza zina shoki fupi za nyuma. Ya Super Meteor inacheza sentimita kumi tu, na hizo nyingine ziko humo humo. Wewe mbele umekaa katikati ya magurudumu, tuta linakupita. Yeye amekaa juu ya gurudumu la nyuma, tuta linamwingia kiunoni. Sasa hesabu matuta ya Narok mpaka Kisii, kila kituo cha soko yako pande zote mbili, na mengine rangi ilishafutika. Ukinunua yoyote, siku ya kwanza kaza springi ya nyuma kwa uzito wa watu wawili. Watu hawafanyi hivyo, halafu wanasema bibi hapendi pikipiki.

Mtafutie kiegemeo cha mgongo. Hicho si pambo. Bila kiegemeo anakushika wewe njia nzima na mnachoka wote. Vulcan ipo inayoitwa Classic LT, C50 ipo ya herufi T mwishoni, zote zinatoka kiwandani na kioo cha upepo, mabegi na kiegemeo. Super Meteor nayo ina toleo la Tourer lenye kioo, kiti kinene na kiegemeo. Ukiona iliyotumika ya aina hizo, lipa hiyo tofauti bila kulalamika.

Na tafadhali, jaketi la kuakisi na helmeti lake yeye awe nalo la kumtosha. Sheria inawataka wote wawili, lakini helmeti ya kuazima inayozunguka kichwani haimsaidii kitu.

Mlima_Longonot:
Kwa nini asinunue V-Strom 650 amalize? Tangi lita 20, udongo mwekundu inapita, tairi zinapatikana.

Mkisii_wa_Rongai:
Kiti cha V-Strom ni sentimita 83. Bibi ameshatoa hukumu, sikati rufaa.

Fundi_wa_Ngara:
Udongo mwekundu ndio ulikuwa uulize zaidi. Vulcan inazungushwa na mkanda. Mkanda ni mzuri, hautaki grisi, hauna kelele. Lakini kokoto likiingia kati ya mkanda na puli linautoboa, na kuubadilisha si kazi ya kando ya barabara. C50 ni shafti, imefungwa ndani, matope hayaijui. Unabadilisha oili yake ya nyuma kwa ratiba na kusahau. Super Meteor ni cheni, utaisafisha na kuipaka kila mara ukitoka ushago, lakini cheni ni kitu ambacho hata fundi wa bodaboda Bomet anakijua.

Kwa njia ya kufikisha nguvu kwenye gurudumu tu, C50 inawashinda wenzake.

Mzee_wa_Magadi:
Kisii mvua hushuka mchana. Ondokeni Rongai kabla ya jua, mkifika Narok mnywe chai, hicho kipande cha udongo mkipite kikiwa kikavu. Kikiwa kimelowa, hakuna kruza hapo. Iache kwa jamaa penye lami, mpande boda mfike nyumbani.

Na usisahau tangi. Vulcan lita 20. C50 na Meteor zote ni kama 15 na nusu.

Mkisii_wa_Rongai:
Wadau, kuna maendeleo. Nimeona Vulcan 900 Classic LT inauzwa Kilimani, mabegi yote yapo, mwenyewe anasema tairi ni "kama mpya". Na kuna C50T Thika. Super Meteor ninasubiri jibu la muuzaji kuhusu spea, nimemwambia anionyeshe kebo ya klachi, pedi za breki na chujio la oili zikiwa kwenye rafu, si kwenye simu. Bado yuko kimya.

Fundi_wa_Ngara:
Kimya chake ni jibu la wiki hii, mpe muda.

Kwa ile ya Kilimani, "kama mpya" isomwe ubavuni. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2316 hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama vijino vyote vipo mpira umekufa. Toa bei ya tairi mbili na usafiri wake kwenye bei ya pikipiki, ndipo muanze kuongea. Pitisha kidole ukingoni mwa mkanda wote, ukiisukuma pikipiki taratibu, usikie kama kuna nyuzi zimetoka.

Ya Thika, angalia kutu kwenye spoki na oili ikitoka pale shafti inapoingia gurudumuni.

Roho_Juu:
Mimi bado nasema Vulcan. Tairi ataagiza mbili kwa mpigo, aweke moja stoo.

Fundi_wa_Ngara:
Hapo umesema la maana. Akikubali gharama hiyo, sina ugomvi na Vulcan.

Dereva_Mstaafu:
Mimi kwa jamu ya kila siku na msumari wa Suswa ningesubiri Super Meteor mpaka muuzaji aonyeshe hizo spea. Asipoonyesha, C50T. Vulcan ni ya mtu asiyepita Lang'ata Road asubuhi.

Mkisii_wa_Rongai:
Bibi amesoma uzi wote. Anasema C50T kwanza, kwa sababu ya kiegemeo na kwa sababu hataki kuniona nikipaka cheni grisi kwenye veranda yake. Jumamosi tunaenda Thika pamoja. Nibebe nini?

Fundi_wa_Ngara:
Tochi, na mtu wa kuwarudisha. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hamjafika, halafu ukifika shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameficha jinsi inavyoamka ikiwa baridi. Namba ya chesisi iko kwenye shingo ya fremu, ilinganishe na logibuku mwenyewe, usisomewe. Fanya utafutaji wa NTSA kwenye eCitizen ukiwa pale pale, jina litakalotoka liwe la huyo anayepokea pesa. Kuijaribu, panda na shemeji nyuma, si peke yako, na mpite kwenye matuta.

Binti_wa_Lami:
Na leseni yako iwe na A2, daraja la pikipiki, watu husahau.

Mkisii_wa_Rongai:
Ipo. Fundi, Jumamosi uko wazi? Chakula cha mchana na nauli ni juu yangu.

Fundi_wa_Ngara:
Baada ya saa sita. Asubuhi kuna Vulcan ya mtu inangojea tairi.