Schmetterling: ni kishindo au ni malai?

Mwana_Deutsch: Wakuu, leo darasani tumebishana hadi kipindi kikaisha. Kipepeo kwa Kijerumani ni Schmetterling. Kambi moja inasema limetoka kwenye kitenzi schmettern, kubamiza kwa kishindo. Nyingine inasema ni Schmetten, malai. Nyie mko upande gani?

BibiKamusi: Malai. Schmetten ni neno la lahaja za mashariki, huko Saksonia na Silesia, lililokopwa Kicheki: smetana. (Ndiyo, mtunzi wa muziki Bedřich Smetana ni Bwana Malai.) Watu wa kale waliamini wachawi hujigeuza vipepeo ili wakalambe maziwa ya wenzao.

MzeeWaHoja: Hadithi tamu, ila sarufi je? Kiambishi -ling kinashika vitenzi vizuri tu: säugen, kunyonyesha, kimezaa Säugling, mtoto mchanga. Na hiyo -er- ya katikati imo ndani ya schmettern. Kwenye Schmetten siioni.

BibiKamusi: Hiyo -er- nakupa, inaniuma hata mimi. Lakini tazama maana. Schmettern ni mlango unaobamizwa, ni tarumbeta inayolia. Kwenye tenisi, Schmetterball ni mpira ulioshindiliwa kutoka juu. Kipepeo gani ana vurugu hizo? Halafu malai hayako peke yake: wapo Wajerumani waliomwita Molkendieb, mwizi wa maji ya maziwa yaliyoganda, na Buttervogel, ndege wa siagi. Waingereza nao wamempaka siagi kwenye jina.

PwaniTulivu: Kumbe ule utani wa Mfaransa kunong'ona "papillon" halafu Mjerumani akafoka "SCHMETTERLING!" ni uonevu. Jamaa alikuwa anataja malai tu 😂

MzeeWaHoja: 😂 Umenimaliza. Basi kura yangu naipeleka kwa neno ambalo hamjaligusa: Falter. Kijerumani cha kale walisema fifaltra, mwanzo umerudiwa kama mbawa zinavyopiga. Wataalamu wa wadudu mpaka leo wana Tagfalter, wa mchana, na Nachtfalter, nondo. Schmetterling limekuja kutamba karne ya 18.

Mwana_Deutsch: Fi-fa… pe-pe… Hata sisi tumerudia!

BibiKamusi: Usianze kuunga ukoo sasa. Letu ni la pepea, kama unavyopepea jiko la mkaa. Na ukirudi darasani usijitape sana: hata kamusi ya Duden, ikitaja Schmetten, inatanguliza wohl, "huenda".