Wauzaji wa zana Nyanda za Juu Kusini, acheni kuuza slasha ya futi sita kwa mwenye trekta ndogo

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Katika maduka ya zana za kilimo niliyopita, kuanzia Iringa mjini na Makambako hadi Mbeya, mkulima mwenye trekta ndogo akiulizia slasha ya kufunga nyuma, yaani mashine ya kukatia nyasi inayozungushwa na injini ya trekta, huulizwa swali moja tu, kwamba trekta yake ina hosipawa ngapi, kisha hupelekwa uani kuonyeshwa mashine pana kuliko zote zilizopo. Kikundi chetu cha wakulima wa parachichi mkoani Njombe kimeuziwa kwa namna hiyohiyo slasha ya futi sita, ilhali trekta yetu imeandikwa ubavuni hosipawa 30. Muuzaji, ambaye jina lake sitalitaja hapa, alituambia kwamba kila futi inahitaji hosipawa tano, tano mara sita ni thelathini, na hesabu imeisha.

Hesabu haijaisha. Kanuni ya hosipawa tano kwa kila futi ya upana ni kanuni nzuri kwa slasha za kawaida, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba nguvu inayozungumzwa ni ile inayofika kwenye shafti ya PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha zana, wala si ile ya injini iliyobandikwa ubavuni mwa trekta. Kati ya injini na shafti kuna gia, pampu ya haidroliki na msuguano, ambavyo kwa kawaida hula kati ya asilimia 10 na 20 ya nguvu yote. Kwa hiyo trekta ya hosipawa 30 hufikisha nyuma takribani 25, na takwimu hiyo huandikwa kwenye kitabu cha trekta ambacho muuzaji anacho na ambacho mteja hafunguliwi hata ukurasa mmoja.

Hapo bado hatujagusa jambo ambalo muuzaji wa ukanda huu, kuliko muuzaji wa Dar es Salaam, hana kisingizio cha kutolijua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini iko karibu mita 1,700, na Iringa inazidi mita 1,500. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hutegemea hewa inayoivuta yenyewe, na hewa ya huku kwetu ni nyepesi, hivyo kwa kadirio linalokubalika hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa mwinuko wa Njombe hasara hiyo inakaribia asilimia 20. Ukiiondoa kwenye zile hosipawa 25 zilizofika nyuma, unabaki na 20, na 20 ukigawa kwa tano unapata slasha ya futi nne. Sisi tumeuziwa ya futi sita, yaani mara moja na nusu ya uwezo wa trekta yetu, na bei yake ilipanda kwa kadiri hiyohiyo ya upana.

Matokeo yake shambani yanajulikana kwa kila aliyepatwa. Visu vya slasha havijakazwa kama visu vya jikoni, bali vimening'inizwa kwa boliti moja kila kimoja, na hunyooka kwa nguvu ya mzunguko peke yake. PTO ikiwa kwenye mizunguko 540 kwa dakika, visu vinanyooka na kukata vizuri. Injini ikilemewa na mizunguko ikashuka, visu hurudi nyuma, vinapiga nyasi badala ya kuzikata, mabingobingo yanachanika na kujaa chini ya bati linalofunika visu, moshi mweusi unatoka, na dereva analazimika kusimama katikati ya mstari. Tulipolalamika tulijibiwa kwamba dereva wetu hajui kuendesha. Jibu hilo limeniudhi kuliko hata fedha tulizotoa, kwa sababu dereva huyo amelima mashamba ya watu kwa plau na haro tangu ujana wake, na hakuna ufundi wa kuendesha unaoweza kuongeza nguvu isiyokuwapo kwenye injini.

Uzito ni jambo la hatari zaidi. Bati la slasha linapoongezeka upana huongezeka pia urefu, kwa hiyo mashine ya futi sita haizidi kwa kilo peke yake, bali kilo zenyewe zinakaa mbali zaidi nyuma ya ekseli. Wauzaji wengi husoma uwezo wa kunyanyua wa trekta kama ulivyopimwa kwenye ncha za mikono ya haidroliki, ambapo hakuna zana yoyote inayoishia hapo. Kipimo kinachofaa ni kile cha sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, nacho ni kidogo zaidi. Mafundi wanashauri kwamba magurudumu ya mbele yabaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta wakati zana imenyanyuliwa. Trekta yetu ikipanda mteremko na slasha ile ikiwa juu, usukani unakuwa mwepesi na magurudumu ya mbele yanaelea. Nawaomba wasomaji wa Rungwe, Makete na Ludewa walifikirie hilo wakiwa na picha ya mashamba yao. Tulipouliza kuhusu vyuma vya uzito vya kufunga mbele, tuliambiwa vinauzwa kando na kwa wakati huo havipo.

Tena hatukuelezwa lolote kuhusu klachi. Trekta nyingi ndogo za zamani, na baadhi ya mpya za bei nafuu, zina PTO inayopitia klachi ileile ya gia. Visu vizito vikishashika kasi, dereva akikanyaga klachi injini inaachana na gia, lakini visu vinaendelea kuzunguka na kuisukuma trekta mbele kupitia shafti. Kadiri slasha inavyokuwa kubwa ndivyo msukumo huo unavyokuwa mkubwa, na anayekaribia mtaro au ukingo wa kitalu hataiona breki ikimsikiliza mara moja. Kinga yake ni kiungo cha mwendo mmoja, kinachofungwa kwenye shafti ya PTO ili nguvu iende nyuma bila kurudi mbele. Ni kifaa kidogo ukilinganisha na bei ya slasha nzima, na muuzaji anayemuuzia slasha mwenye trekta ya namna hiyo bila kukitaja anahatarisha maisha ya mtu.

Na hao wanaotoa boliti laini ya usalama ya shafti na kuweka boliti ngumu kwa sababu "ile inakatika kila mara" waache mara moja. Boliti ile imewekwa ikatike kisu kinapogonga kisiki au jiwe, ili giaboksi ipone. Ikikatika kila mara kwenye nyasi tupu, maana yake slasha imeizidi trekta au inashushwa chini mno.

Nakubali kwamba kipo kisa kimoja kinachowapa wauzaji hoja, nacho ni upana wa magurudumu. Slasha ikiwa nyembamba kuliko umbali wa kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi ukingo wa nje wa nyingine, tairi hulaza nyasi ambazo visu havifikii. Futi nne ni sentimita 122, na kuna trekta ndogo zinazozidi hapo kidogo. Kwa mwenye trekta ya namna hiyo, futi tano ya bati jepesi inaweza kukubalika, mradi akate juu kwanza, arudie chini, atembee kwa gia ndogo, na asiipeleke kwenye vichaka. Anayekata kati ya miparachichi anaweza pia kutafuta slasha inayosogezwa upande mmoja, ili ifike chini ya matawi bila trekta kuyagusa. Nisingeshauri kupunguza upana wa magurudumu ili kulingana na slasha, kwa kuwa kwenye miteremko yetu upana huo ndio unaoizuia trekta kupinduka. Lakini hoja hii, hata ikinyooshwa vipi, haifiki futi sita.

Ninachodai si kikubwa. Muuzaji aandike kwenye hati ya mauzo hosipawa za PTO zinazohitajika, uzito wa slasha na uwezo wa giaboksi yake, aulize shamba liko mwinuko gani, kisha akubali mashine ijaribiwe kwenye nyasi za mteja kabla ya malipo ya mwisho. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyeeleza matumizi yake na kutegemea ujuzi wa muuzaji, kwamba bidhaa iwe inafaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Sisi tulieleza matumizi yetu mbele ya mashahidi, tukataja trekta, shamba na aina ya nyasi.

Kikundi chetu kinaandaa malalamiko ya maandishi kwa Tume ya Ushindani. Kama nawe umeuziwa kwa hesabu ya "tano mara sita" katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe, tafadhali weka hapa upana wa slasha yako, hosipawa za trekta yako, mahali shamba lilipo na maneno uliyoambiwa dukani, bila kutaja jina la duka wala la mtu. Risiti na hati za mauzo zihifadhini, kwa sababu zitahitajika.